Ziba Ufa, Usichafue Kioo: Kuondoa Silikoni, Puti na Lami Bila Kuharibu Nyumba



Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa Eastlands tulikumbushwa neno hilo kwa nguvu na mvua za Machi hadi Mei 2024. Mto Mathare na Mto Nairobi ilifurika, watu wakapoteza maisha na wengine nyumba zao. Hata sisi ambao mafuriko hayakutufikia mlangoni tulilala na ndoo sebuleni, ikipokea matone usiku kucha. Mvua ilipokatika, kila mtu alikimbilia duka la vifaa vya ujenzi. Umoja, Kayole, Dandora, Kariobangi, kila mahali ilikuwa silikoni, puti na lami.

Lakini wazee hawakutuambia la kufanya ufa ukizibwa vibaya. Fundi anakuja na haraka zake, anamwaga silikoni, anapokea pesa, anaenda. Wiki moja baadaye unaona dirisha lina ukanda mweupe kama dawa ya meno iliyokauka, sinki limejaa madoa, na lami imetiririka ukutani mpaka mlangoni. Sasa utaitoaje? Wengi wetu tumejaribu kwa kisu cha jikoni, kwa brashi ya waya, kwa petroli. Na wengi tumeharibu.

Katika toleo hili tunaeleza kazi hiyo hatua kwa hatua. Si kazi ya siri, wala haihitaji vifaa vya bei. Inahitaji subira, na kujua mambo machache.

TULIVYOKOSEA SISI WENYEWE

Tuanze na aibu yetu. Ukumbi tunaofanyia mikutano ya kikundi una madirisha ya chuma ya zamani. Maji yalikuwa yakiingia pembeni mwa vioo, tukamwita fundi. Alipomaliza, silikoni ilikuwa imetambaa juu ya kioo upana wa vidole viwili, ikapanda fremu, ikagusa ukuta. Tulisema, ah, hiyo ni kitu kidogo, tutasafisha wenyewe.

Jumamosi iliyofuata tuliwapa vijana wawili brashi ya waya na chupa ya petroli. Tukawaambia, "Sugueni kwa nguvu, itatoka tu."

Kufika saa sita, vioo vitatu vilikuwa vimejaa mikwaruzo, rangi ya fremu imetoka mpaka chuma kinaonekana, na silikoni bado iko pale pale inatuangalia. Hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba mama mmoja wa kikundi alikuwa chumba cha nyuma akitayarisha chai. Alitoka mbio akisema, "Hiyo harufu ni petroli? Na mimi nimewasha jiko?"

Tuliacha kazi saa hiyo hiyo. Vioo vitatu vipya vilitugharimu kuliko kazi yote ya fundi. Na tulishukuru kwamba ni vioo tu.

Funzo ni hili: silikoni iliyopakwa mahali pabaya kwa kawaida ni kasoro ya macho tu. Uharibifu wenyewe huja wakati wa kuiondoa kwa pupa.

MAHALI PAKE NI NDANI YA UFA

Watu wa pwani wanaijua kazi hii tangu zamani. Chombo cha baharini, jahazi au mashua, hujengwa kwa mbao, na kati ya ubao na ubao kuna nafasi. Mafundi wa Lamu, Mombasa na Zanzibar huziba nafasi hizo kwa kalafati: nyuzi za pamba zilizolowekwa mafuta, zinazosukumwa ndani ya ufa kwa patasi butu na nyundo. Chini ya chombo hupakwa deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na mafuta ya wanyama, na kazi hiyo hurudiwa kila baada ya muda chombo kikipandishwa ufukweni.

Angalia vizuri: kalafati hukaa ndani ya ufa. Inayobaki juu ya ubao haizuii maji yoyote. Ni uchafu, na hukatwa. Na fundi akitaka kutoa kalafati kuukuu, hufuata mstari wa ufa na kuivuta pole pole, kwa sababu anajua pamba ni ya bei ndogo lakini ubao ni wa bei kubwa.

Dirisha lako la Jericho ni vivyo hivyo. Silikoni iliyo katikati ya kioo na fremu inafanya kazi. Ile iliyotambaa juu ya kioo haifanyi kazi yoyote. Kwa hivyo hatutoi yote. Tunatoa iliyozidi, tunaacha iliyo ndani. Ukichimba mpaka ndani, mvua ijayo utaweka ndoo tena.

MASWALI MATATU KABLA YA KUGUSA

Kabla hujachukua kisu, jiulize:

1. Ni kitu gani kimepakwa?
2. Kimepakwa juu ya nini?
3. Kimekauka au bado kibichi?

Jibu la swali la kwanza hupatikana kwa kidole na pua.

Silikoni ni kama mpira. Ukiibonyeza inarudi. Ukiivuta inanyooka. Nyingi zinazouzwa madukani hunuka siki zikiwa mbichi. Ikishakauka, petroli na thina haziiyeyushi. Zinaivimbisha tu. Ndiyo sababu vijana wetu walisugua saa tatu bila faida.

Puti ni ngumu kama chaki, na kwa kweli chaki iko ndani yake: puti ya madirisha ya chuma hutengenezwa kwa unga wa chaki na mafuta ya kitani. Ikiwa mbichi ni laini kama unga wa chapati. Ikizeeka hupasuka na kuanguka vipande vipande.

Lami ni nyeusi, hunata mchana wa jua na kuwa ngumu asubuhi ya baridi. Hupakwa kwenye mabati, kwenye gata na kwenye paa za saruji.

Kuna pia gundi nyeusi ya vioo vya magari, ambayo mafundi wengine huitumia nyumbani. Hiyo inafanana na silikoni lakini hushika zaidi. Ikishakauka hakuna dawa ya kawaida ya kuiyeyusha. Ni kukata tu.

VIFAA VYA KUTAYARISHA

Usinunue kitu kabla hujaangalia nyumbani. Unahitaji hivi:

- Kipande cha plastiki ngumu chenye ukingo ulionyooka. Kadi ya zamani ya benki inafaa. Mtungi wa plastiki uliopasuka, ukikatwa vipande vya ukubwa wa kiganja, utakupa skrepa nyingi za bure.
- Kijiti cha mbao au mwanzi kilichochongwa bapa kama mwiko mdogo.
- Wembe mpya, kwa kioo peke yake. Usiushike kwa vidole vitupu, utie katika kishikio.
- Maji ya uvuguvugu na sabuni.
- Vitambaa vikavu, vingi.
- Spiriti kidogo ya kumalizia, na mafuta ya taa kidogo kama kazi ni ya lami.
- Glavu za mpira.

Weka kando brashi ya waya, msasa na waya wa kusugulia sufuria. Vitu hivi havichagui. Vinakwaruza kioo, vinatoa rangi, na juu ya mabati vinaondoa ule utando wa zinki unaozuia kutu. Utafurahi leo kwamba doa limetoka, halafu mwaka ujao uone kutu pale pale uliposugua.

Kanuni ni moja: anza na kifaa laini kabisa. Kikishindwa, ndipo upande ngazi moja. Na kila mara jaribu kwanza kwenye kona ambayo mgeni hataiona.

IKIWA BADO MBICHI

Ukiwahi ikiwa mbichi, una bahati. Lakini usiipanguse kwa kitambaa chenye maji, maana silikoni hukauka kwa kunyonya unyevu wa hewani, na kitambaa kitaisambaza tu. Fanya hivi:

Kwanza, ikusanye kwa kadi ya plastiki, kutoka nje kuelekea kwenye ufa. Futa kadi kwa karatasi kila mara. Pili, panguza mabaki kwa kitambaa kikavu. Tatu, maliza kwa kitambaa chenye spiriti kidogo.

Kama tayari imeanza kufanya ngozi juu lakini ndani bado ni laini, iache! Huu ndio wakati mbaya kuliko wote kuigusa. Itatanda kila mahali. Silikoni hukauka takriban milimita 2 hadi 3 kwa siku kutoka juu kwenda chini, kwa hivyo tonge nene huhitaji siku kadhaa. Subiri ikauke kabisa, halafu itatoka kama kipande kimoja cha mpira.

SILIKONI ILIYOKAUKA

Juu ya kioo. Kwanza amua mpaka: wapi silikoni ibaki na wapi itoke. Kwa kawaida mpaka ni ukingo wa fremu. Kata kwa wembe kufuata mstari huo, kutoka juu hadi chini, bila kuchimba. Kisha lowesha kioo kwa maji ya sabuni. Laza wembe, karibu ulale kwenye kioo, usukume kuelekea mbele. Usirudi nyuma wembe ukiwa bado umegusa kioo, maana chembe ya mchanga ikikwama chini yake itachora mstari. Kioo kikikauka, lowesha tena. Kazi ya wembe mkavu ndiyo inayoleta mikwaruzo.

Juu ya fremu iliyopakwa rangi, au ya aluminiamu. Hapa wembe hauingii. Inua ncha moja kwa kijiti, ishike kwa vidole, uivute pole pole kwa kuilaza nyuma, kama mtu anayebandua plasta kwenye kidonda cha mtoto. Ukiivuta kwenda juu kwa nguvu, itaondoka na rangi. Pale inapokataa, katisha kwa kadi ya plastiki na uendelee mbele.

Juu ya taili na sinki. Taili nyororo ni rahisi: kadi ya plastiki na maji ya sabuni. Sinki la chuma kisichoshika kutu lina mistari midogo midogo. Fuata mistari hiyo, usiikate. Watu wengine wakiona silikoni ya bafuni imekuwa nyeusi kwa ukungu humwaga Jik, halafu juu yake wanamwaga asidi ya choo. Tafadhali, usichanganye hivyo viwili kamwe. Vinatoa gesi ya klorini, nayo huumiza mapafu, hasa katika bafu zetu zisizo na dirisha la maana. Silikoni iliyoshikwa na ukungu mpaka ndani haisafishiki. Itoe yote, kausha, pakua mpya.

Juu ya ukuta wa mawe au saruji isiyo na rangi. Hapa tuseme ukweli: haitatoka yote. Imeingia kwenye vitundu vya jiwe. Toa ile ya juu, kisha uache. Ukichimba utabaki na shimo, na shimo ni baya kuliko doa.

Baada ya kutoa, kuna utando mwembamba usioonekana unaobaki. Kuujua ni rahisi: dondoshea maji. Mahali pasafi maji hutanda. Mahali penye silikoni maji hufanya matone ya mviringo, kama kwenye jani la nduma. Utando huu ni muhimu kuutoa kama unataka kupaka rangi, kwa sababu rangi haishiki juu ya silikoni. Hata silikoni mpya haishiki vizuri juu ya ya zamani. Sugua kwa kitambaa na spiriti, ukibadilisha upande wa kitambaa kila mara, halafu jaribu maji tena. Madukani kuna pia dawa maalum ya kulainisha mabaki ya silikoni. Soma maagizo, na uijaribu pembeni kwanza.

PUTI

Puti mbichi hutoka kwa kijiti, na mafuta yake yaliyobaki kwenye kioo hutoka kwa unga wa chaki au gazeti kavu, kisha sabuni. Basi.

Puti iliyokauka ndiyo huvunja vioo. Mtu anachukua patasi na nyundo, anagonga, kioo kinapasuka kutoka kona mpaka kona. Kama ni madoa juu ya kioo, weka kitambaa chenye maji ya sabuni ya uvuguvugu juu yake nusu saa, halafu tumia wembe uliolazwa kama tulivyoeleza. Kama puti imezidi kwenye mshipa wa dirisha, ipunguze kidogo kidogo kwa kisu, ukikata kuelekea fremu, kamwe si kuelekea kioo.

LAMI JUU YA MABATI

Lami ina adui wawili: baridi na mafuta ya taa. Anza na baridi, kwa sababu haigharimu kitu. Amka mapema, saa kumi na mbili au saa moja asubuhi, hasa miezi ile ya baridi ya Juni na Julai. Wakati huo lami ni ngumu, na tonge nene hubanduka kwa kadi au kijiti. Ukisubiri saa sita za jua, utaisambaza kama siagi kwenye mkate.

Doa linalobaki, lipanguse kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, ukianzia nje ya doa kuelekea katikati ili usilikuze. Kisha osha kwa maji ya sabuni mpaka harufu iishe. Kwa mabati ya rangi, jaribu kwanza pembeni, maana mafuta ya taa yanaweza kufifisha mng'ao.

Kuna jambo wengi hulisahau. Kama paa lako linakusanya maji ya mvua, fungua kwanza gata au bomba linaloingia kwenye tangi kabla hujaanza, na usilirudishe mpaka paa limeoshwa. La sivyo utakunywa lami na mafuta ya taa.

Lami ikikushika mikononi, usitumie petroli. Mafuta ya kupikia yanaitoa, kisha sabuni.

TANGI LA MAJI

Tunaliweka hili peke yake kwa sababu linagusa afya ya nyumba nzima. Nairobi maji huja kwa zamu, na kila ploti ina tangi. Tangi jeusi la plastiki likipasuka, fundi hupaka silikoni ndani na nje. Wiki mbili, linavuja tena. Kwa nini?

Ni kwa sababu plastiki ya matangi hayo, inayoitwa polithini, haikubali gundi nyingi. Silikoni hukaa juu yake bila kushika. Habari njema ni kwamba inabanduka kwa vidole. Habari mbaya ni kwamba vipande vyake vinaweza kuanguka ndani ya maji, na silikoni nyingine, hasa za bafuni, zina dawa ya kuua ukungu ambayo haikukusudiwa kukaa kwenye maji ya kunywa.

Toa maji yote. Bandua silikoni kwa mkono na kadi ya plastiki. Usikwangue kwa kisu wala kwa waya, kwa sababu kila mkwaruzo ndani ya tangi ni nyumba ya utelezi na vijidudu. Usitumie petroli, thina wala asetoni ndani ya tangi kwa sababu yoyote ile. Osha kwa sabuni na kitambaa, suuza zaidi ya mara moja, ndipo ujaze. Kisha tafuta fundi wa kuchomelea plastiki kwa joto, maana hiyo ndiyo dawa ya ufa wa tangi. Na mtu asiingie ndani ya tangi peke yake. Awepo mwingine nje wa kumwangalia.

MAMBO MATATU YANAYOWEZA KUUA

Tuliyosema hadi sasa yanahusu mali. Haya yanahusu uhai.

La kwanza: petroli. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Hautoki dirishani kama moshi. Unatambaa sakafuni, unapita chini ya mlango, unafika kwenye jiko la chumba cha pili. Wakazi wa Nairobi hatujasahau Sinai, tarehe 12 Septemba 2011, petroli iliyovuja kutoka bomba ilipoingia kwenye mtaro na kushika moto, na karibu watu 100 au zaidi wakafa. Ile ilikuwa nyingi, ndiyo. Lakini kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi, chupa ya soda iliyojaa petroli inatosha kuua familia. Petroli haina kazi katika shughuli hii. Thina na spiriti pia hushika moto haraka: zima jiko, fungua mlango na dirisha, tumia kidogo, na watoto wawe nje.

La pili: rangi ya zamani. Estates zetu kama Kaloleni, Bahati, Mbotela na Jericho ni za miaka mingi, na madirisha yake yamepakwa rangi juu ya rangi. Rangi za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi. Siku hizi Kenya imeweka kikomo cha risasi katika rangi kuwa sehemu 90 kwa kila milioni, lakini rangi iliyopakwa zamani bado iko chini ya ile mpya. Ukiisugua ikiwa kavu, vumbi lake linaanguka sakafuni mtoto anapotambaa, naye anatia mkono mdomoni. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Kwa hivyo, fremu ya zamani isuguliwe ikiwa imeloweshwa tu. Usiichome kwa moto. Tandaza gazeti chini, likunje na vumbi lake, ulitupe, kisha piga deki kwa kitambaa chenye maji. Usifagie.

La tatu: paa la asbesto. Baadhi ya nyumba za zamani bado zina paa la vigae vikubwa vya kijivu, vyenye mawimbi kama mabati lakini vinene na vinavyovunjika. Hiyo inaweza kuwa asbesto. Vumbi lake lina nyuzi ndogo zisizoonekana, zinazokaa mapafuni na kuleta saratani baada ya miaka mingi, hata 30 au 40. Kanuni za taka zinaihesabu kuwa taka ya hatari, na ni watu waliopewa leseni na NEMA tu wanaoruhusiwa kuiondoa. Kama lami au silikoni imepakwa vibaya juu ya paa kama hilo, iache hapo hapo! Usikwangue, usisugue, usipande juu. Doa hilo halidhuru mtu. Mwarifu mwenye nyumba kwa maandishi.

KABLA FUNDI HAJAANZA

Kazi bora ya kuondoa ni ile ambayo haikuhitajika. Siku hizi tukimwita fundi tunamwambia haya kabla hajafungua bunduki ya silikoni:

1. Abandike utepe wa karatasi pande zote mbili za ufa, na autoe kabla silikoni haijafanya ngozi.
2. Akate mdomo wa mkebe mdogo, kulingana na ufa. Mdomo mkubwa ndio chanzo cha fujo yote.
3. Asafishe na kukausha ufa kwanza.
4. Juu ya mabati na chuma kitupu asitumie silikoni inayonuka siki, kwa sababu asidi yake huanzisha kutu. Atumie ile isiyo na harufu hiyo.
5. Sehemu ya malipo ibaki mpaka tumekagua pamoja, mchana, si kwa taa.

Na wewe mpangaji, sikia. Watu kadhaa wametuambia walinyimwa depositi walipohama, kwa sababu ya silikoni ambayo waliikuta. Siku ya kuingia, zunguka nyumba na keteka, piga picha kwa simu, mwandike kasoro zote, na nyote wawili mtie sahihi. Kama ni wewe uliyeweka, sasa unajua namna ya kuitoa kabla hujarudisha ufunguo.

KWA UFUPI

Jua ni kitu gani. Jua kiko juu ya nini. Anza na laini. Toa kilichozidi, acha kilicho ndani ya ufa. Na pale ambapo kuondoa ni hatari kuliko kuacha, acha.

Madirisha ya ukumbi wetu sasa ni safi. Vijana wale wale wawili ndio waliyamaliza, kwa kadi za zamani na beseni la maji ya sabuni, Jumamosi mbili, bila kuvunja kitu. Tangu hapo majirani wawili wamewaita kuwafanyia kazi hiyo hiyo kwa malipo. Brashi ya waya tumeitundika ukutani stoo. Kila mtu akiiulizia, tunamwonyesha kile kioo kimoja chenye mikwaruzo tulichokihifadhi.